Mtani Alipomwonea Huruma Mama Mdogo

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri. Saa naijua kwa sababu balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa amesimama karibu yangu, na balozi huvaa saa yake juu ya mkono wa shati, si chini yake, ili mtu asikose kuiona. Nilikuwa naikodolea macho saa hiyo kwa sababu sikutaka kutazama watu usoni. Ndiyo tabia yangu. Watu wakizidi watatu natafuta kitu cha kutazama: saa, kifungo, kidole gumba cha mguu wa mtu.

Tulikuwa uani kwa jirani aliyefiwa na baba yake mzee. Arobaini ilikuwa kesho yake, Jumapili, na wanawake wa safu yetu ya nyumba walikuwa wametandika majamvi tangu adhuhuri. Huku wanapeta mchele, kule wanakuna nazi, kona ile wanamenya vitunguu na kusengenya. Na katikati yao wote, juu ya kiti, amekaa mama yangu mdogo.

Kiti. Naomba nieleweke hapo. Wanawake wote wako chini, hata bibi mmoja ambaye kuinuka kwake ni mpaka avutwe na wawili, na Mama mdogo, mwenye mgongo mzima na magoti mazima, amewekwa juu ya kiti cha mbao kilichobebwa kutoka ofisi ya kijiji, mkononi kikombe cha chai, kama ofisa kilimo aliyekuja kukagua palizi.

Mama mdogo na Mama ni wa tumbo moja. Mwaka tulipohamishwa kutoka mashamba ya zamani, tukaacha mikorosho yetu na kuja kujipanga kwenye safu za nyumba huku karibu na Mingoyo, yeye ndiye aliyekuwa anabeba boriti na kuimba. Mwaka uliofuata akaanza kukosa usingizi. Akawa anarudi peke yake kule mahame, anafagia chini ya mikorosho mahali ambapo nyumba haipo tena, na ukimfuata anakuambia wageni wako njiani, pafagiwe. Kisha akawa anasema bila kituo, akaacha kula, akachoma moto nguo zake mwenyewe. Yakapita mengi. Walimnywesha kombe, maji ya aya, wakampunga pepo, wakamfunga kamba, na hayo ya kamba sitaki kuyaandika. Mwisho akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali sana, safari ya kubadilisha magari, akakaa huko karibu mwaka.

Amerudi mwanzoni mwa likizo yangu, na sanduku lake la bati na chupa ya vidonge. Vidonge vinamkausha mdomo na kumtetemesha mikono, lakini analala, anakula, na leo ni siku gani anajua kuliko Mama. Nilidhani basi, yameisha. Kumbe tulikuwa bado hatujaonja wema wa watu.

Wiki aliyorudi ukaitishwa mkutano. Kijijini kwetu kila jambo lina mkutano wake, hata mbuzi akila muhogo wa watu. Mwenyekiti akasema mwenzetu amerudi, sote ni ndugu, asiachwe peke yake, kijiji kizima kimtie moyo. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Shuleni nimefundishwa siasa tangu kidato cha kwanza, naweza kuandika insha ndefu juu ya kusaidiana na nikapata alama nzuri, lakini hakuna mwalimu aliyeniambia nifanye nini ujamaa ukifika mlangoni na bakuli la uji.

Maana uji ulifika. Zamu zilipangwa, leo nyumba hii, kesho ile. Wanakuja, wanakaa mkekani, wanamtazama Mama mdogo kama anavyotazamwa mtoto anayejaribu kusimama dede.

"Umeamka?" Ameamka.

"Umekula?" Amekula.

"Amekula kweli?" wanamwuliza Mama, pembeni, kwa sauti ambayo Mama mdogo anaisikia vizuri.

Kisha wanalegeza sauti. "Haya mama, shukuru Mungu. Tulia. Usiwaze." Asiwaze nini, hawasemi. Mimi nimekaa nyuma ya pazia na kitabu changu cha jiografia, nasaga meno.

Na kazi zote wakamwondolea. Shamba la kijiji, apumzike. Kuchota maji, asije akatumbukia kisimani. Jembe likafichwa, kisu kikafichwa, na Mama, ambaye ni dada yake na alitakiwa amjue kuliko wao, akaficha mpaka sindano ya kushonea mikeka. Siku moja Mama mdogo alitaka kuwasha moto achemshe chai yake mwenyewe. Balozi alivuka njia, akaja kumwondolea kiberiti mkononi, kwa upole kabisa, kama mtu anayemtoa mtoto mchanga kidole mdomoni.

Kule hospitali, alitusimulia siku ya kwanza, alikuwa kwenye kundi la kufua. Shuka za wodi nzima. Kulikuwa na mwanamke mmoja, mwenyeji wa huko, wanagombea sabuni kila siku, mpaka nesi akawatishia kuwanyima wote wawili. Alikuwa anasimulia ugomvi huo wa sabuni huku anacheka, mpaka Mama akamwambia, "Inatosha, usijichoshe." Akanyamaza. Habari ya sabuni mwisho wake sijaupata mpaka leo.

Basi, hiyo Jumamosi, kwenye kile kiti, nilimsikia anasema, "Nipeni mbuzi moja nikune nazi. Ziko tatu na moja haina mtu."

"Wee tulia, mama. Kunywa chai."

"Nimeshakunywa."

"Mwongezeeni."

Wakamwongezea.

Ndipo mtani alipoingia.

Mtani wetu ni mwanamke Mngindo, anakaa safu ya pili. Sisi Wamwera na wao tunataniana, hiyo ni ya tangu mababu, na penye msiba hakuna wa kumzuia. Anavaa nguo za marehemu, anaiga kikohozi chake, anakamata chungu cha watu na kukidaia fidia. Ukikasirika umeshindwa. Lakini mtani huyu na Mama mdogo walikuwa na lao. Walikuwa wanatafutana. Kama ni kisimani, kama ni palizi, wakikutana wao watu wanaweka ndoo chini wasikilize. Siku ya msiba wa babu yetu, Mama mdogo alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha, na mtani akatokea chumbani na kanzu ya babu na bakora yake, anamdai Mama mdogo chakula cha mchana, anamwita mvivu, anamwambia ndiyo maana nimekufa, kwa njaa. Mama mdogo akacheka kwa kamasi na machozi pamoja. Usiku ule ndipo alipokula.

Sasa mtani kaingia uani. Kofia ya mfiwa iko kichwani kwake tayari, sijui kaichukua saa ngapi.

"Nazi gani hizi mnakuna kama mnazipapasa? Marehemu alikuwa bahili, na ninyi mnataka asijue tofauti. Wewe mpeta mchele, mchele ni huo ulioko chini au ulioko kwenye ungo? Wamwera bwana. Mngekuwa mnapika panya mngekuwa mmeshamaliza."

"Panya wenyewe mmetuibia ninyi," mmoja akajibu, na watu wakaanza kucheka, na mtani akawa anazunguka, kila mtu anapata la kwake. Mimi nikamtazama Mama mdogo. Alikuwa ameweka kikombe chini. Alikuwa amejifuta mdomo kwa ncha ya kanga na kukaa mbele kidogo ya kiti, anaangalia mtani anavyosogea, na midomo yake inacheza. Alikuwa na neno tayari. Nina hakika alikuwa nalo.

Mtani akamfikia. Akasimama. Akavua kofia.

Akachuchumaa, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Pole, dada yangu," akasema, kwa ile sauti ya uji. "Mwenyezi Mungu akuondolee." Kisha akamtazama balozi, kama mwanafunzi aliyemaliza kukariri, na balozi akatikisa kichwa kwamba vizuri.

Mama mdogo alinitazama mimi. Kwa nini mimi, sijui, mimi ambaye siwatazami watu. Kisha akainuka, akakiweka kikombe juu ya kiti, akaondoka zake.

"Amechoka maskini," wakasema. "Mwacheni akajinyooshe."

Nilipofika nyumbani nilimkuta amefungua sanduku la bati, anakunja kanga. Anakunja vizuri, pembe kwa pembe, ijapokuwa mikono inamtetemeka.

"Basi la kesho linapita barabarani saa ngapi?" akaniuliza.

"Asubuhi. Jua likishatoka. Unakwenda wapi, Mama mdogo?"

"Hospitali."

"Unajisikia vibaya?"

"Sijisikii vibaya. Kule nilikuwa na kazi na nilikuwa na adui. Hapa sina hata kimoja." Akakunja kanga nyingine. "Umemwona yule alivyonishika mkono? Kama ananikabidhi kwa Mungu. Hata maiti yangu yule angeitania. Mimi kanivulia kofia."

Mimi huwa nina la kusema kesho yake, nikishika kalamu.

Mama alipokuja na kuliona sanduku alilia kwanza. Nikadhani baada ya kulia atasema usiende. Akasema, "Labda wanajua zaidi huko." Akajifunga kanga akaenda kwa balozi kuomba ushauri. Akarudi na jibu. Balozi amesema ni sawa, na kwamba asubuhi watu watakusanyika wamsindikize Mama mdogo mpaka barabarani, kwa heshima, wamtie moyo.

Nilitoka nje nikauma upindo wa kanga yangu. Ningekuwa mtu wa kupiga kelele ningepiga. Watu wazima wote hawa, mkutano, zamu, uji, na hakuna mmoja aliyekaa kumwuliza yeye anataka nini. Na mimi niliyejua nimesimama ukutani nauma nguo.

Kwa hiyo nikaenda kwa mtani. Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, kwa sababu hebu fikiria mwenyewe: unamwendea mtu mzima, unampa shikamoo, halafu unamwambia tafadhali kamtukane mama yangu mdogo. Hakuna adabu ya kulianza jambo hilo.

Nilimkuta uani kwake anachekecha unga. Kinu kiko pembeni, mchi umeegemezwa.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa hajambo?"

"Anaondoka kesho. Anarudi hospitali."

Chekeche likasimama. "Imemrudia?"

"Haijamrudia." Nikatazama kidole gumba cha mguu wake. "Ni kwa sababu humtanii."

Alitikisa chekeche mara moja. Kisha akaniambia nisogee nisizibe mwanga, na alipoendelea alikuwa anasemea unga, si mimi. "Balozi alikuja hapa na mwenyekiti. Wakaniambia yule sasa si mtu wa maneno makali, ukimchokoza itampanda tena, na ikimpanda ni juu yako. Unafikiri mimi napenda? Natembea na maneno yake tumboni, sina pa kuyatua. Lakini ikimpanda, mwanangu? Si mimi nitakayeambiwa nimemharibu mtoto wa watu?"

"Hata maiti mnamtania," nikasema.

"Maiti hawezi kuumia."

"Na yeye anasema ni afadhali angekuwa maiti, ungemtania." Hakusema hivyo hasa. Lakini karibu.

Mtani akaweka chekeche chini. Nilidhani nimempata. Akanitazama muda, akasema, "Nenda nyumbani, binti. Haya ni mambo ya watu wazima, na watu wazima wameshakubaliana." Akarudi kwenye unga wake.

Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Sikuwa na hasira ya kishujaa, nilikuwa nimechoka tu, kama unavyochoka na mlango unaokwama kila siku. Na nikakumbuka kwamba mimi pia ni Mmwera, mimi pia ni mtani wake, ila haki hiyo sikuwahi kuitumia tangu nizaliwe. Nikauchukua mchi. Ni mzito kuliko ulivyoonekana. Nikauweka begani nikaanza kuondoka.

"We. We mtoto. Mchi wangu huo."

"Mama mdogo kanituma," nikasema bila kugeuka. "Amesema..." Nikatafuta. Niliyoyapanga njiani yote yalikuwa ya heshima. "Amesema wewe ni mnene."

Kisha nikasikia anasema, polepole, kama mtu aliyeonja mchuzi hauna chumvi, "Hilo si la yule. Yule angesema kitu."

Lakini hakunifuata. Nilipita safu mbili za nyumba na mchi wa watu begani, watu wanaosha miguu kwenda kuswali magharibi, wananitazama, na mimi natazama mchanga.

Mama mdogo alikuwa amekaa juu ya sanduku, limeshafungwa kamba.

"Mchi wa nani huo?"

"Wa mtani."

"Umeazima?"

"Nimechukua. Nimemwambia wewe umenituma."

Alikuwa anautazama mchi. Kisha akauliza, "Ulimwambia nimesema nini?"

"Kwamba ni mnene."

"Kwamba ni nini?"

"Mnene."

"Mnene," akasema. Akainuka, akazunguka sanduku, akakaa tena. "Miaka yote hii namtafutia yule mwanamke maneno. Nalala nayo, naamka nayo. Kule hospitali kuna siku nilikaa asubuhi nzima natengeneza moja tu la kumletea. Wewe unakwenda kusimama uani kwake na kuniaibisha kwa mnene. Kila anayepita anaona kwamba ni mnene. Hilo nalo ni neno? Mnasoma nini huko shuleni?"

Nilikuwa tayari kulia, halafu nikatambua kwamba tangu alipotoka hospitali hicho ndicho kitu kirefu kuliko vyote alichowahi kusema, na kwamba hakukisema kwa sauti ya mgonjwa. Lakini sanduku lilibaki limefungwa. Kabla hajalala aliniambia, "Utanisaidia kulibeba. Na mchi utarudishwa tukiwa njiani. Siwezi kusafiri na mali ya watu."

Asubuhi aliniamsha kabla hakujapambazuka vizuri. "Twende sasa. Tukichelewa watanisindikiza." Mama alikuwa bado yuko kwenye mswala. Alimshika Mama mdogo begani, akaendelea kuvuta tasbihi. Nikajitwisha sanduku. Mama mdogo akachukua mchi, akautumia kama fimbo.

Mtani alikuwa uani kwake, anatwanga kwa mchi wa kuazima, mfupi, mpaka imembidi ainame. Alipotuona aliacha. Nikaona uso wake unalegea, unakuja ule uso wa uji, na mdomo unatengeneza pole, na nikasema moyoni, basi, tumekwisha. Mama mdogo akauegemeza mchi ukutani.

"Mchi wako," akasema. "Nasafiri."

Mtani alitazama mchi. Kisha akatazama kichwani kwangu, sanduku na kamba zake. Sijui nini kilipita kichwani mwake. Labda aliogopa, maana mikono aliifuta kwenye kanga mara mbili. Kisha akanijia, akalipokonya sanduku kichwani pangu hata shingo ikalia, akaliweka chini, akalikalia.

"Mwizi haondoki," akasema.

"Toka juu ya sanduku langu."

"Mwizi kaiba mchi jioni, alfajiri anatoroka kwa basi. Tena mwizi gani. Mimi nimeshaibiwa na watu wa maana. Wewe wazimu wote ule uliokuwa nao, mpaka serikali ikakupeleka kusomea, unarudi unaiba mchi wenye ufa? Wazimu mwenzako angeiba na kinu."

Neno lilikuwa limetoka. Hilo neno ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalizunguka kama shimo. Nilitazama mchanga. Nikasikia jogoo wa mtu, na Mama mdogo akivuta pumzi.

"Kinu nilikiona," Mama mdogo akasema. "Nikadhani ni wewe umekaa."

Mtani alifungua mdomo. Ukabaki wazi. Kisha akaanza kutetemeka, kuanzia tumboni, na sanduku la bati likawa linalia chini yake, na alipopata sauti alikuwa hawezi kusema, anapiga paja tu. Mama mdogo hakucheka. Alisimama wima kama anayengoja zamu ya mwenzake, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Ndipo msafara wa kumtia moyo ulipofika. Balozi mbele, wanawake wa zamu nyuma yake, mmoja na bakuli, bila shaka la uji. Walikuwa wamekwenda nyumbani wakamkosa mgonjwa, wakafuata kelele.

"Mtani," balozi akasema, "si tulikubaliana? Huyu si mtu wa kuchokozwa. Mwacheni aende kwa amani."

"Balozi, usituingilie," Mama mdogo akasema. "Mtu mwenyewe hujui saa inavaliwa wapi."

Watu walijaribu kujizuia. Niliwaona wanajaribu. Yule mwenye bakuli ndiye aliyeanza, akamwaga uji miguuni pake, na baada ya hapo hakukuwa na wa kumnyamazisha mwingine. Balozi aliutazama mkono wake. Akaushusha polepole nyuma ya mgongo.

Mtani akafuta machozi. "Sanduku hili nimelikamata," akatangaza. "Fidia yake ni nazi za arobaini. Azikune zote mwizi huyu, na nikiona kipande cha kifuu ndani ya tui langu, kesi inaanza upya."

"Nitakosa basi," Mama mdogo akasema.

"Mimi naona unafanya kusudi kuchelewa. Wamwera mnaogopa kazi."

Basi lilipita wakati huohuo. Tulisikia honi upande wa njia panda, na injini ikivuta kupanda. Mama mdogo aligeuza kichwa, akasikiliza mpaka ikaisha. Hakusema kwamba ataondoka, na hakusema kwamba atabaki. Alimwuliza mtani, "Mbuzi yenye meno iko wapi? Zile za jana zote butu," akaanza kutembea kuelekea kwenye arobaini, na wanawake wakamfuata, na mtani akanyanyuka kutoka kwenye sanduku kwa shida na kuwafuata, anawaita wamngoje.

Sijui kama ningependa kuandika kwamba alikuna vizuri. Hakukuna vizuri. Mikono ilikuwa inatetemeka, vifuu vilimponyoka, na nazi nyingine alizikuna mpaka kwenye ganda jeusi. Alichoka mapema, uso ukamlegea kama unavyomlegea vidonge vikimzidi, akaegemea ukuta, na safari hii hakuna aliyemletea kiti. Alikaa jamvini kama wengine. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakamua tui akainua vidole vyake na kusema, "Nani kakuna nazi hii? Mbona ina mchanga wa vifuu?"

Kila mtu akamtazama Mama mdogo. Nikaona mmoja anaanza kulegeza sauti, anataka kusema haidhuru.

"Mimi," Mama mdogo akasema. "Ukitaka laini kakune mwenyewe."

"Nitakuna," akasema yule, kwa hasira ya kweli. "Sogea huko." Na akaja kukaa karibu naye, wakaanza kubishana juu ya nazi ipi imeharibika na nani ameiharibu, na balozi, aliyekuwa anapita na kuni, alisimama kusikiliza kama aingilie. Saa yake ilikuwa imeingia chini ya mkono wa shati. Akapita.

Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo, natazama kishikio cha ndoo, wakati Mama mdogo aliponiita mbele ya ua mzima.

"Wewe, Mnene."

Mimi ni mwembamba kama utambi. Ua mzima ukacheka, kwa sababu mtani alikuwa ameshawasimulia. Nilitamani jamvi linimeze.

"Nenda kalete sanduku langu uani kwa yule mwizi. Ndani kuna vidonge, sijameza tangu jana. Na uje na maji ya kunywa, usilete chai."

Nikaenda. Sanduku lilikuwa palepale mbele ya mlango wa mtani, kifuniko kimebonyea katikati pale alipokalia, na mpaka leo hakifungi sawasawa. Nikalipandisha kichwani peke yangu, nikalirudisha nyumbani, nikatoa chupa ya vidonge, nikazitoa na kanga zake zote alizokunja pembe kwa pembe, nikazitundika kwenye kamba ya chumbani. Kisha nikachota maji kikombe kimoja, nikampelekea, na njia nzima nikatafuta neno la kumjibu. Sikulipata.